Kazi ya Kushika Kamba

Marcel alikuwa mlinzi wa shule ya msingi, na vijana wa pale walipenda kumtania kwamba yeye peke yake ndiye aliyelipwa kwa kukaa. Hakuwajibu. Tangu ujana wake alikuwa mtu wa maneno machache, mrefu, mwenye mabega ya kubebea magogo na mwendo wa mtu asiyefukuzwa na kitu. Shule yenyewe ilikuwa juu ya kilima nje kidogo ya Kasulu, njia ya kwenda Kibondo, mahali ambapo ukungu hukawia asubuhi hata wanafunzi wakaimba wimbo wa taifa bila kuiona bendera.

Utani ule ulimchoma kuliko alivyoonyesha. Kaka zake wote walikuwa watu wa kwenda. Mkubwa alikwenda Urambo kwenye tumbaku, akarudi na mabati ya nyumba. Aliyemfuata aliajiriwa na shirika moja kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtendeli, na kambi ilipofungwa akahamia Dodoma. Marcel alibaki. Mama yao alikuwa amepooza upande mmoja, akahitaji mtu wa kumgeuza, kumlisha na kumtoa nje aote jua. Mtu huyo akawa Marcel, mwaka hadi mwaka, mpaka siku alipomzika. Msibani kaka zake walisimulia walikofika na walichokiona. Walipomgeukia kumuuliza yeye amekuwa akifanya nini siku zote hizo, alisema, "Nilikuwepo tu."

Alioa akiwa ameshachelewa. Mkewe, Pelagia, alimzalia binti mmoja, Irakoze, ambaye sasa alikuwa darasa la sita katika shule ileile aliyoilinda baba yake.

Mwaka huo kijiji kiliamua kuchimba kisima kwenye mteremko ulio nyuma ya madarasa, ili watoto waache kuteremka mtoni na ndoo kabla ya vipindi. Akaletwa fundi kutoka Kibondo, jina lake Obedi, mtu mfupi mchangamfu aliyeongea na udongo alipokuwa akichimba kama wengine wanavyoongea na ng'ombe. Alipewa chumba karibu na lango, kwa hiyo jioni alikula na Marcel. Obedi alisema, Marcel alisikiliza, na wote wawili waliridhika na mpango huo.

Jioni moja Obedi alinyamaza katikati ya chakula, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Kaka," alisema, "mimi nyumbani niliondoka vibaya. Dada yake mke wangu alifariki kule Kakonko. Winifrida akataka aende kuzika, nami nikamkatalia. Nilisema maharage yataozea shambani. Akaenda hivyohivyo. Aliporudi hatukusemezana, na mimi nikachukua sururu nikaja huku."

"Utarudi, mtaongea," Marcel alimwambia.

"Nikiyaona maji tu, narudi."

Maji yalikuwa yameanza kuonekana siku ile kisima kilipobomoka. Ilikuwa saa ya uji, na Obedi alikuwa chini shimoni. Wasaidizi wawili walikuwa wakizungusha gogo la kuvutia ndoo, na Marcel alikuwa amewapelekea maji ya kunywa. Ikasikika sauti nzito, kama gunia la mahindi lililoachiwa sakafuni. Ukingo wa upande wa chini ukameguka, nguzo za gogo zikaanguka pamoja nao, na wasaidizi wakaruka nyuma. Ile kamba nyingine, ambayo Obedi alijifunga kifuani kila aliposhuka, ikaanza kukimbilia shimoni kama nyoka.

Marcel aliikamata. Hakukuwa na mjadala kichwani mwake. Mikono ilikamata, kamba ikamchuna viganja, ikamburuta mpaka miguu yake ikagota kwenye jiwe kubwa lililochomoza ardhini. Akakaa chini, akaizungusha mgongoni, akajilaza nyuma. Kamba ikakaza. Kutoka chini ikaja sauti ya Obedi: alikuwa hai.

Udongo ulikuwa umemfukia mpaka kifuani. Chini ya miguu yake tope lilikuwa likilainika kwa maji yaleyale aliyokuwa akiyatafuta, na kila lilipoteremka lilitaka kwenda naye. Kumvuta juu hakukuwezekana, kwa kuwa alikuwa amebanwa. Kumlegezea nako kulikuwa ni kumzamisha. Lililobaki lilikuwa kushika kamba hivyo ilivyo.

Watu walikusanyika mbio. Mwalimu Ghati, mwalimu wa sayansi, aliwaingiza watoto madarasani na kufunga milango. Wanaume walitaka kumpokea Marcel, na mara ya kwanza walipojaribu kuihamisha kamba kutoka mgongoni kwake, iliteleza kidogo sana, na Obedi akapiga ukelele uliowafanya wote waiachie.

"Msiiguse," Marcel alisema. "Nishikeni mimi. Kamba msiiguse."

Basi wakamfunga kiunoni kipande cha kamba ya ndoo, wawili wakakishika kwa mbali nyuma yake asiburutwe, na wengine wakateremka mteremko na majembe, sepetu na mbao, wakaanza kuchimba mfereji wa kumfikia Obedi kwa ubavuni. Ukingo haukuruhusu mtu mwingine kukaa karibu, kila uzito ulioongezwa ulimwaga udongo zaidi. Kwa hiyo kati ya wote waliokuwepo, Marcel peke yake ndiye aliyekuwa karibu kiasi cha kusikia yaliyosemwa shimoni.

Jua lilihama kutoka upande mmoja wa kilima kwenda mwingine. Pelagia alinyata mara moja tu mpaka pale na kitambaa cha maji akampangusa uso. Mikono ya Marcel ilikufa ganzi, na hilo ndilo lililomtia hofu. Kuna wakati kitu kilikatika ndani ya bega lake la kulia na maumivu yakamfanya aone weusi. Hakuachia. Wachimbaji walipomfikia Obedi na kupiga kelele kwamba wameshamshika, ilibidi watu watatu wamfungue vidole Marcel, kimoja baada ya kingine, maana havikumtii.

Obedi alipandishwa kwenye pikapu ya mfanyabiashara mmoja wa mjini akapelekwa hospitali ya Kabanga. Kabla gari halijaondoka aliomba maji, akanywa, akatabasamu, na kilima kizima kikashangilia. Marcel alipelekwa kwa gari la pili, mkono wake ukafungwa, viganja vikavikwa bandeji.

Jumapili iliyofuata kijiji kilifanya mkutano wa kushukuru. Mwenyekiti alisimama akawataja vijana waliochimba mfereji, kila mmoja kwa jina la baba yake, na watu wakapiga makofi. "Hawa," alisema, "ndio waliofanya kazi." Hakuna aliyekusudia ubaya. Marcel alikuwa amelala nyumbani na Pelagia ndiye aliyemletea habari za mkutano, naye alisema ni sawa, vijana wale walistahili.

Siku mbili tatu baadaye ikaja habari kwamba Obedi amefariki. Muuguzi alimfafanulia Pelagia: misuli ikibanwa kwa muda mrefu hujaa sumu, na mtu akishatolewa sumu ile husambaa mwilini na kuziziba figo. Walikuwa wakiandaa safari ya kumpeleka Mwanza, hali ikabadilika ghafla. Mwili ulisafirishwa Kibondo. Marcel alikuwa na homa ya vidonda, hakuweza kusafiri, na rafiki yake akazikwa bila yeye.

Aliporudi langoni mkono mmoja ulikuwa bado kwenye kitambaa kilichoning'inizwa shingoni. Huenda angeendelea hivyo, mwenye huzuni ya kawaida ya mtu aliyefiwa, kama isingekuwa jioni ile Irakoze alipokuwa akijiandaa na mtihani. Pelagia alikuwa anachambua maharage. Msichana alikuwa ameegemea nguzo ya baraza, akijisomea kwa sauti, akijiuliza na kujijibu.

"Mtu ameshikilia mzigo mzito kwa muda mrefu bila kuusogeza. Je, amefanya kazi kiasi gani?" Akafumba macho. "Sifuri."

Mikono ya Pelagia ikasimama juu ya ungo.

"Rudia," Marcel alisema.

"Sifuri, Baba. Kazi ni kani mara umbali. Kitu kisiposogea, kazi haijafanyika." Alifurahi kuulizwa, akaendelea: "Mwalimu Ghati anasema wengi hukosea hapo. Wanafikiri mtu akichoka amefanya kazi. Hata akitoka jasho, kama kitu hakikusogea ni..."

Akaona uso wa mama yake. Sentensi ikamfia mdomoni.

"Mwalimu amesema vizuri," Marcel alisema. "Soma, mama. Usiache."

Akainuka akaingia ndani.

Neno lile lilikwenda naye kitandani na likaamka naye. Alikuwa amelitumia maisha yake yote bila kulitazama. Asubuhi watu walipita langoni wakimwambia, "Pole na kazi, mzee," kama walivyomwambia siku zote, naye akashindwa kuitikia. Kazi ipi? Alivuta kamba ikagoma kuja. Mtu alikuwa chini, akabaki chini hadi wengine walipomtoa, kisha akafa. Toa hiki, toa kile, kinabaki nini? Akamfikiria mama yake, ambaye yeye alimshikilia miaka yote ile, na ambaye hakusogea kutoka kitandani kwenda popote ila kaburini. Aliona kwamba vijana wa mtaani walikuwa wakimwambia kwa utani jambo ambalo mwalimu alikuja kulisema kwa hesabu.

Akaacha kula sawasawa. Alimwambia Pelagia kwamba anataka kuaga shuleni, watafute mlinzi mwenye mikono miwili. Irakoze alijitesa kimyakimya, na mwisho akamfuata mwalimu wake ofisini akalia.

Mwalimu Ghati alitoka Tarime. Alipangiwa Kasulu akiwa bado msichana, na watu walimwona mkali kwa sababu alisema mambo kama yalivyo. Alimkuta Marcel kwenye benchi la langoni, akatupa kibegi chake majanini na kuketi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

"Irakoze ameniambia. Siku nilipofundisha mada ile sikukufikiria kabisa. Ipo kwenye muhtasari, nikaifundisha kama ninavyoifundisha kila mwaka. Nakuomba radhi."

"Hujanikosea. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli kwa namna yake." Akatafuta maneno. "Wataalamu walihitaji neno la kupimia mashine. Winchi, roda, injini. Wakalichukua neno ambalo watu walikuwa nalo tangu zamani, wakalipunguza mpaka likaenea kwenye kipimo chao. Hawakuuliza mtu amevumilia nini, waliuliza mzigo umefika wapi. Na hata kwa hesabu zao, mzee, misuli yako ndani ilikuwa inajikunja na kuachia muda wote. Ndiyo maana ulitoka jasho, ndiyo maana bega limechanika. Mwili wako ulitumia nguvu nyingi sana siku ile. Ila kwa upande wa mzigo..."

"Kwa upande wa mzigo, jibu la mtihani ni lipi?"

"Sifuri," alisema Mwalimu Ghati.

"Basi Irakoze aandike sifuri. Nataka afaulu."

"Ataandika."

Wakakaa. Upepo wa mchana ulikuwa ukisukuma majani ya mikaratusi, na darasani watoto waliimba jedwali la kuzidisha.

"Ukinijibu kama si mtihani?" Marcel aliuliza, bila kumtazama.

Mwalimu alipojibu, sauti yake haikuwa ile ya darasani. "Sijui, mzee. Sitaki kukudanganya kwa maneno matamu. Nilikuona pale kwenye jiwe, nikarudi darasani nikashindwa kufundisha. Hilo ndilo ninalolijua." Kisha akasema, "Umeshakwenda kumwona mjane?"

"Nitamwambia nini? Mume wake nimemrudishia akiwa maiti."

"Nenda. Sisi kule kwetu mtu akifiwa tunakwenda. Hatuna la kusema, lakini tunakwenda."

Akaenda. Ilimchukua wiki nzima kuamua, na Pelagia ndiye aliyemsukuma kwa kumfungia kanga mpya ya zawadi na unga wa muhogo, akimwambia basi la Kibondo halimsubiri mtu. Njia ilikuwa ya vumbi jekundu, mashamba ya mahindi huku na huku, na wanawake wenye kuni vichwani wakijibanza kando gari lipite. Baada ya njia panda ya Nduta alishuka akauliza nyumba ya marehemu Obedi, fundi visima. Mzee mmoja akamwonyesha.

Winifrida alikuwa mwanamke mwembamba mwenye macho makavu. Hakuwahi kumwona Marcel, ila alipoona mkono uliofungwa na viganja vyenye makovu mapya alimjua. Alimwekea kiti ndani, mbali na wanawake waliokuwa wakipika uani kwa ajili ya ibada ya jioni ya kumkumbuka marehemu.

"Nilikungoja," alisema.

"Nisamehe. Sikuzika."

"Nilijua umelala. Wauguzi waliniambia." Akaketi kwenye mkeka mbele yake. "Mimi nilifika Kabanga asubuhi ya pili yake. Nilipanda pikipiki kutoka hapa mpaka kule na sikujua kama nitamkuta. Nikamkuta amekaa kitandani. Unasikia? Amekaa. Anakunywa uji."

Marcel alitikisa kichwa kwamba anasikia.

"Tulikuwa hatusemezani, sijui kama alikuambia."

"Aliniambia."

"Akaniambia, Winifrida, nilikukosea juu ya dada yako. Akalia. Mume wangu hakuwa mtu wa kulia. Aliniuliza kaburi la dada liko upande gani wa nyumba, nani alihubiri, nani alichimba. Aliuliza yote ambayo hakutaka kuyasikia nilipotoka Kakonko. Nami nikamweleza. Tuliongea mpaka nikamkanya apumzike. Siku ya pili yake wanetu walifika, akawashika kichwa mmoja mmoja akawaambia kila mmoja neno lake. Halafu akaanza kuvimba miguu. Lakini zile siku nilizipata. Wangemtoa shimoni amekufa, mimi leo ningekuwa nimekaa na ule ugomvi mpaka naingia kaburini."

Marcel aliangalia viganja vyake. Hakuwa amejua lolote kati ya hayo. Aliposhika kamba alifikiri anamshikia Obedi uhai wake, na uhai ule ulipoondoka alidhani umeondoka na kila kitu.

"Sasa na mimi niulize," Winifrida alisema. "Wanasema wewe peke yako ndiye uliyemsikia. Alisema nini kule chini?"

Lilikuwa swali ambalo Marcel alilihofia njia nzima. Alianza na yaliyo mepesi: kwamba Obedi aliugombeza udongo, kwamba alilalamika kiu, kwamba alitaja majina ya watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa kisha akayarudia kuanzia wa mwisho ili asisinzie. Winifrida alicheka kidogo, akafuta pua kwa upindo wa kanga.

"Kuna lingine," Marcel alisema. "Sijamwambia mtu. Hata mke wangu."

"Niambie."

"Jua lilipoinama, alichoka. Akaniambia, niachie, kaka. Unaumia bure. Niachie niende."

Uani mtu alikuwa akitwanga, na mapigo ya mchi yakasikika moja moja.

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu. Sikuwa na pumzi ya kusema. Nilishika tu. Akalisema tena, halafu akanyamaza muda mrefu, nikadhani nimempoteza. Mwishoni akasema, basi shika. Shika, Winifrida hajanisamehe."

Mjane aliinamisha uso magotini, na kilio ambacho macho yake makavu yalikuwa yamekizuia tangu mazishi kikatoka. Marcel akabaki kwenye kiti chake. Wanawake wawili waliingia mbio kutoka uani, wakaona, wakakaa naye chini wakamzunguka.

Alipotulia aliamka mwenyewe, akanawa uso, akamletea Marcel maji ya kunawa na sahani ya ugali na maharage. Marcel alikata tonge la kwanza kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia haukufika mdomoni, akamwomba radhi.

"Kula hivyohivyo, shemeji," Winifrida alimwambia. "Hapa ni kwako."

Akala, akamaliza, akaomba kuongezwa. Nje watu wa ibada walikuwa wameanza kufika, wakipishana na mabenchi mlangoni, na mtu mmoja alikuwa akiuliza kama yule mgeni kutoka Kasulu atasema neno. Winifrida alimjibu kwamba ameshasema.